Nyasi Kavu za Nasoro

Nyasi kavu zina harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, harufu ya jua lililolala ndani ya majani, nayo humfanya hata mtu asiyefuga atamani kujinyoosha juu yake. Ya pili ni uvundo mwembamba, kama wa mkeka uliokunjwa kabla haujakauka, nayo huisikii mpaka uingize mkono katikati ya tita. Kiangazi kile, nilipokuwa bado nang'oka meno ya utoto, bibi yangu alikuwa na desturi ya kuingiza mkono katika kila tita lililoletwa uani kwetu, kuutoa polepole, kunusa vidole vyake, kisha kumnyooshea mama anuse naye. Hakusema neno. Mama naye hakusema neno. Kimya chao ndicho kilichonifundisha, kabla sijaelezwa na mtu yeyote, kwamba ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mtu asiyeaminiwa.

Nyumba yetu ilikuwa Bagamoyo, mwisho wa mji upande wa bara, miaka ile kabla Wadachi hawajaishika pwani. Ilikuwa nyumba ya udongo na mawe, paa la makuti, na nyuma yake ua mpana wenye kisima, zizi na banda. Babu yangu mzaa mama alikuwa amefariki akaacha ng'ombe majike watatu, wote wazee: Tamu, aliyewazidi wenzake kwa umri, Kahawa, na Sabuni aliyekuwa mweupe kuliko kanzu ya Idi. Siku zile misafara ya bara ilikuwa ikiingia na kutoka bila kukoma, wapagazi wakijaa kila uwanja wakingoja mizigo, na nyama ilitafutwa kama dhahabu. Wachinjaji walikuwa wakipita mlangoni petu wakichungulia. Lakini babu alikuwa ameusia, na sauti yake ya mwisho ikiwa hiyo, kwamba ng'ombe wale wasiuzwe. "Wamenilishia watoto wangu," alisema, "na wafie uani kwangu." Bibi yangu, Bi Mwanakheri, aliushika wasia huo kama mtu anavyoshika msahafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa, na tangu afiwe alikuwa akiwasalimu ng'ombe wale alfajiri kabla hajatusalimu sisi.

Baba yangu mzazi sikumjua vyema. Alifariki ningali natambaa. Mama, Mwanahawa, alikaa mjane muda mrefu, kisha akaolewa na Nasoro. Huyu Nasoro alitoka Pangani, mtoto wa watu wa asili ya Omani, akifanya biashara ya vitambaa na shanga. Alikuwa mpole wa sauti, mwenye ndevu fupi zilizochongwa vizuri, na alipoingia nyumbani kwetu alikuja na sanduku moja na mswala wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini bibi yangu hakuona uponyaji wowote. Alijua jambo moja tu kuhusu Nasoro, nalo alilipata kwa watu: kwamba huko Pangani alikuwa na mke kabla ya mama yangu, na mke huyo alikufa kwa maradhi ya tumbo. "Ya tumbo," bibi alikuwa akirudia, akitwanga, kila pigo la mchi likianguka juu ya neno hilo. "Watu hawafi kwa tumbo bure." Mama alipomwambia kwamba nusu ya Pangani hufa kwa tumbo kila masika, bibi alijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Zamani ng'ombe wetu walikuwa wakichungwa katika uwanja nyuma ya mji. Mchungaji wetu alikuwa amejiunga na msafara akaenda zake bara asirudi, na uwanja wenyewe ukawa kambi ya wapagazi, nyasi zikakanyagwa mpaka ikabaki vumbi na majivu ya mafiga. Kuwapeleka ng'ombe mbali zaidi, kuelekea bonde la mto, hakukuwezekana, kwa maana vichakani mle mlikuwa na mbung'o, na ng'ombe akiumwa na mbung'o huwa amekwisha kuaga. Mvua nazo zilikuwa zimekataa. Nasoro ndiye aliyepata shauri. Alipatana na Wakwere wa huko bondeni wakate nyasi, wazianike, wazifunge matita na kutuletea kwa vichwa. Banda likajaa mpaka darini. Majirani walimsifu. Bibi alilizunguka banda lile kwa macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mtu asiyejua hata jina la babu wa ng'ombe hawa, leo anawapa karamu. Haya. Tutaona karamu ya nini."

Haikupita muda tukaanza kuona mambo. Ng'ombe walikuwa wakila, tena walikaa horini siku kutwa, lakini mbavu zao zikawa zinahesabika. Tamu ndiye aliyetangulia. Alizoea kulala kivulini baada ya kula akicheua macho nusu wazi, na mimi nilikuwa nikipenda kukaa karibu naye kusikiliza taya zake zikisaga. Sasa akawa analala kimya. Kinyesi chake kikawa kidogo, kigumu, cheusi, chenye vijiti vinavyoonekana wazi wazi. Kisha yakaja madonge. Asubuhi moja nilikuta chini ya hori vitu kama mayai ya kuku, vya nyasi zilizosokotwa na kubanwa, bado vibichi, vimelazwa mavumbini kimoja hapa kimoja pale. Nilimwita bibi. Alichuchumaa akavitazama bila kuvigusa, akasoma aya kwa ndani, midomo ikimcheza. Kisha alileta kigae, akavisukumia ndani kwa kijiti, akakifunika na kukificha nyuma ya mtungi.

"Bibi, ni nini?"

"Ni kazi ya mtu," alisema. "Nyasi haijisokoti yenyewe. Wewe mjukuu wangu una macho mazuri na hakuna anayekutazama. Mwangalie huyo mume wa mama yako. Aendako, ashikacho, utaniambia."

Nikawa namwangalia. Mtoto akiambiwa mtazame mtu kwa shaka, hakuna analolifanya mtu huyo likawa jema. Nasoro akipiga chafya niliona dalili, akitabasamu niliona dalili kubwa zaidi. Niligundua kwamba alikuwa akienda zizini baada ya sala ya adhuhuri, wakati bibi amejilaza, na kwamba alishika kitu ndani ya kanzu. Niligundua pia jambo lililonitisha zaidi: chakula cha bibi hakuwa akikila. Bibi ndiye aliyepika mchana, na Nasoro aliketi, akasema bismillahi, akamega, akazungusha tonge kwenye mchuzi mpaka likapoa, na bibi alipogeuka, yeye akalitupia paka. Kisha alitoka, nami nikamfuata kwa mbali nikamwona barazani kwa muuza mikate, akila mkate mkavu kwa pupa kama mtu aliyefunga. Nilipompelekea bibi habari hiyo alitikisa kichwa polepole. "Mwenye kuwapa wengine sumu," alisema, "huogopa kila sahani."

Siku niliyokiona kile kitu cha ndani ya kanzu nilikuwa nimejibanza nyuma ya matita. Kilikuwa ni kimfuko cha nguo. Nasoro alikifungua, akamwaga unga mweupe ndani ya kibuyu cha maji ya vuguvugu, akautikisa, akainua kichwa cha Tamu na kumnywesha pembeni mwa mdomo, huku akimsemesha kwa upole kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Upole ule sikuuona wakati ule. Niliuona unga tu. Nilikimbia mpaka ndani, na bibi aliamka bila kufunga vizuri kanga yake. Alimkuta Nasoro bado ana kibuyu mkononi. Mama alitoka jikoni kwa makelele, na jirani yetu Mzee Shomari, aliyekuwa akisuka kamba upande wa pili wa ua wa makuti, akasimama kutazama.

"Nini hicho unachompa ng'ombe wa marehemu?" bibi aliuliza.

"Magadi, mama," Nasoro alijibu. "Tumbo lake limesimama. Pangani tunawapa magadi."

"Pangani." Bibi alilitema jina lile. "Huko Pangani mnawapa magadi na wake zenu?"

Mama alipiga kelele, "Mama!" lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Nasoro alibadilika uso. Alilegeza tena kamba ya kimfuko, akachota unga kwa vidole viwili, akauweka ulimini mbele ya macho yetu, akaumeza bila maji. Machozi yalimtoka, sijui ni kwa ukali wa magadi au kwa lile neno. Kisha alimnyooshea bibi kimfuko. Bibi hakukipokea.

"Atiaye sumu," alisema, "hujua kipimo chake."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa kama ya watu waliopanga wasiojuana. Mama alikuwa anapeleka maneno: mwambie mumeo, mwambie mama yako. Bibi alimtaka adai talaka. Aliyasema hayo mbele yangu, bila kunong'ona, akichambua mchele. Kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba leo ni ng'ombe, kesho ni huyu mtoto. Mama aliendelea kufagia. Nilimwona akifagia mahali pamoja, palipokwisha kuwa safi, mpaka udongo ukaanza kuchimbika.

Kisha asubuhi moja Tamu hakuinuka. Alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, akisaga meno na kuguna kila akishusha pumzi, na upande wake wa kushoto umefura. Mama alimbonyeza kwa kidole. Nilidhani patadunda kama ngoma, lakini pale alipobonyeza kishimo kilibaki, kama ukibonyeza unga uliokandwa. Bibi alikaa kichwani kwa Tamu akamfunika macho kwa ncha ya kanga. Alipoongea sauti yake ilikuwa kavu. "Achinjwe kabla hajawa mzoga. Lakini kisu asikishike Nasoro. Na akishachinjwa, tumbo lifunguliwe hapa hapa nione. Nataka kukiona alichopewa."

Mzee Shomari ndiye aliyechinja. Nasoro alisimama ukutani, mikono nyuma, kama mshitakiwa. Tumbo lilipopasuliwa hakikutoka kinyesi chepesi kama nilivyowahi kuona siku za Idi. Lilikuwa limeshindiliwa nyasi, ndefu, nzima nzima, mabua na vijiti, zimebanana na kukauka kama makumbi ndani ya mto wa kulalia. Bibi alikunja mikono ya kanzu yake mpaka kwenye kiwiko, akaanza kuzitoa konzi kwa konzi. Alikuwa akitafuta hirizi, kitambaa, msumari, unga, chochote. Kila konzi aliisambaza juu ya mkeka, akaichambua kama anavyochambua mchele, akainusa. Hakupata kitu. Zilikuwa nyasi tupu, zilizomezwa bila kutafunwa.

Alikaa kitako kwa muda akitazama mikono yake. Kisha akainuka, akaenda kwenye kichwa cha Tamu kilichokuwa kimewekwa kando, akakipanua kinywa kwa mikono miwili. Sote tulisogea, hata Nasoro. Magego ya Tamu yalikuwa yameisha. Mengine yalikuwa sawa na ufizi, mengine hayapo, na moja lilikuwa limepinda likachonga jeraha ndani ya shavu. Ndani ya shavu hilo kulikuwa na donge la nyasi, limesokotwa, limebanwa, la ukubwa wa yai. Bibi alilitoa. Alilishika kiganjani akilitazama, kisha akaingia ndani, akarudi na kile kigae chake, akakifunua. Madonge yaliyokuwa ndani yalikuwa yamekauka, lakini yalikuwa ni yale yale. Ng'ombe alikuwa akitafuna asichoweza kutafuna, na kilichomshinda alikitema.

Hapo Nasoro akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alikwenda chumbani kwao, tukasikia sanduku likifunguliwa, akarudi na kilemba cha zamani kilichofungwa fundo. Alikifungua juu ya mkeka. Ndani yake yalikuwemo madonge mengine, mengi kuliko ya bibi.

"Na mimi nilikuwa nayaokota," alisema. "Nilidhani ni wewe, mama. Nilidhani unanitegea uchawi. Nilijua hunitaki humu, na kila nikija zizini nikayakuta yamelazwa pale ninapokanyaga. Ndiyo maana chakula chako sikuwa nakila."

Mzee Shomari alikohoa akatazama pembeni. Mama aliyatazama yale marundo mawili, akamtazama mamaye, akamtazama mumewe. "Kumbe nyote mlikuwa mnawekeana ushahidi," alisema. "Mate ya ng'ombe. Na mimi katikati, kila mmoja akiniambia mwenzake atamuua mtoto wangu." Hakucheka wala hakulia. Aliketi chini, palepale penye damu.

Bibi hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Alisema, "Ng'ombe kibogoyo hapewi mabua."

"Sikujua, mama."

"Hukujua, au hukuuliza?"

"Ningekuuliza nini, nawe hata salamu yangu huiitikii?"

Upepo ulizipeperusha nyasi juu ya mkeka, na kuku wakaanza kuzidonoa.

Mchana ule ule mama alitwaa panga na gogo, akaanza kuzikata nyasi fupi fupi kama mtu anayekata mboga. Nasoro alikuja akashika upande wa pili wa tita. Baadaye bibi naye alikuja, akaanza kutenga mabua upande mmoja na majani laini upande mwingine, na kila tita lililokuwa na ule uvundo katikati akalitupa nje ya ua. Zilizokatwa tuliziloweka katika karai mpaka zikalegea, tukazichanganya na pumba za mpunga na chumvi kidogo, na mimi nikatumwa kila siku kuokota majani ya viazi vitamu kwa majirani. Maji, ambayo kwa ajili ya kisima kuwa chini yalikuwa yakipimwa, sasa yalichotwa mpaka ng'ombe wenyewe wakakataa. Wote watatu, mama, Nasoro na bibi, walifanya kazi hiyo pamoja bila kuzungumza. Nilikuwa nimezoea ugomvi wao. Kimya chao cha kazi kilikuwa kigeni kwangu, nami niliendelea kuwaangalia, maana hakuna aliyeniambia niache. Siku Kahawa alipotoa kinyesi kilicholowana, kipana kama sahani, bibi alimwita Nasoro kwa mara ya kwanza kwa neno "mwanangu." "Mwanangu, njoo uone," alisema, na wakasimama pamoja juu ya mavi yale kama watu waliosimama juu ya hazina. Jioni hiyo Kahawa alilala akacheua. Nilisikia taya zake nikiwa mlangoni.

Sabuni hakupona. Alidhoofu mpaka masika yakaingia, akafa, na majirani wakaanza tena kunong'ona, kwani mwenye kovu usidhani kapoa. Kahawa aliishi akazeeka zaidi, akafia uani kama babu alivyotaka. Lakini nisije nikasema kwamba shaka iliondoka nyumbani kwetu. Bibi alianza desturi mpya ambayo hakuna aliyemwagiza: kila sinia lilipotengwa, kabla Nasoro hajanyoosha mkono, yeye alimega tonge upande wa Nasoro akalila, taratibu, akimtazama. Ndipo Nasoro naye akala. Walifanya hivyo miaka yote. Nasoro hakumwambia aache, na bibi hakuacha. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa upendo au ulikuwa ukumbusho. Bibi alipofariki, Nasoro ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza, na nilipotazama nyuso za watu waliozunguka kaburi niliona baadhi yao wakimhesabia vidole: mke wa Pangani, ng'ombe, na sasa bibi.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa bibi. Wadachi walikuja na vita vyao wakaondoka, Waingereza wamekuja na afisi zao. Uwanja tuliokuwa tukilishia umejaa nyumba. Wapo mabwana wa mifugo wanaokuja na sindano, na watu huficha ndama wao wakisema sindano ile ina neno ndani yake. Zamani tulimshuku mtu tuliyelala naye paa moja, tukajua hata anavyokohoa. Leo wanamshuku mtu aliyeshuka jana kutoka Dar es Salaam. Nikilinganisha, sioni kwamba moyo wa mtu umebadilika, ila umepata mahali pengi zaidi pa kutazama. Tulikuwa na ujinga wetu, lakini angalau tulikuwa na bibi aliyethubutu kutia mikono yake ndani ya tumbo kutafuta alichokiamini, na asipokipata akakubali kwamba hakikuwamo. Watu wa namna hiyo siwaoni sana siku hizi.

Juzi tu, hapa Dunda ninapokaa, mwanamke mmoja jirani yangu aliamka akakuta ng'ombe wake mzee amesimama mdomo umekauka, hali, hacheui. Kabla ya saa ya uji alikuwa amekwisha kumtaja mke wa mwanawe, msichana kutoka Ubena aliyeolewa mwaka huu, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha ng'ombe huyo nyasi kavu. Msichana alikuwa amejifungia chumbani analia. Nilijikokota kwa fimbo yangu mpaka uani kwa jirani huyo. Nilimwambia, "Bibiye, kabla hujalitaja jina la mtu, mfungue ng'ombe kinywa uhesabu meno yake." Nikamweleza nyasi zikatwe fupi, ziloweshwe, maji yasikosekane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kutoka kwenye fimbo mpaka usoni, akausogeza mlango wa zizi ukafungika katikati yetu, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma.